Jedwali lipo lakini databesi yakwambia halipo: kumalizana na herufi kubwa na ndogo kwenye SQL

Waandika kweri (swali la kuiuliza databesi) ya kawaida kabisa, SELECT * FROM Wageni, na jedwali lenyewe waliona hapo kushoto kwenye DBeaver, ile programu ya kufungulia databesi, limekaa, W kubwa na kila kitu, na bado wajibiwa hivi:

ERROR: relation "wageni" does not exist

Kabla hujampigia simu fundi aliyewatengenezea sistimu, na kabla hujaanza kuinstoli vitu upya, hebu soma tena hilo kosa pole pole. Wewe umeandika W kubwa, Postgres (PostgreSQL kwa jina kamili, databesi yenyewe) amekujibu kwa w ndogo. Jina ulilomtajia silo jina alilokwenda kulitafuta, na shida yako nzima iko hapo.

Nawaandikia hasa nyinyi mnaofanya hizi kazi za data huku kwetu, vijana wa gesti za Shela na Langoni hapa Lamu ambao bosi amewapa laptopu akawaambia toeni ripoti ya wageni, wale wa BMU (vikundi vya kusimamia fukwe na uvuvi) mnaoandika samaki wanaoshushwa Faza na Kizingitini, na ndugu zetu wa Malindi wenye tovuti za boti. Manake mafunzo mengi ya SQL huanza na jedwali zuri limetengenezwa na mwalimu mwenyewe, na huku hakuna mtu anayeanza na jedwali zuri, huku unarithi la mtu na aliyelitengeneza yuko Nairobi hashiki simu.

Sasa mambo yenyewe ni hivi. Ukiandika jina la jedwali bila alama za mtajo, PostgreSQL analigeuza lote kuwa herufi ndogo halafu ndo anakwenda kulitafuta. Wageni, WAGENI, wAgEnI, kwake zote ni wageni. Ukiliweka ndani ya alama za mtajo mbili mbili, "Wageni", analiacha vile vile ulivyoliandika, herufi kwa herufi. Kwa hivo jedwali likiwa limezaliwa ndani ya alama hizo na W kubwa, siku zote utaliita na alama hizo na W kubwa, hakuna njia nyingine. Ni sawa na kumuulizia mtu Mkomani kwa jina la kwenye kitambulisho wakati mtaa mzima wamjua kwa jina la utani, mtu yupo, amekaa barazani hapo, lakini utaambiwa hatumjui.

Na usimlaumu DBeaver wala pgAdmin wala Metabase, hizo ni programu za kupeleka ujumbe tu, anayegeuza jina ni seva. Ndo maana kubadilisha programu hakusaidii, utapata kosa lile lile kwa rangi nyingine.

Utauliza nani basi alitengeneza jedwali lenye herufi kubwa, manake mtu mwenye akili akiandika CREATE TABLE Wageni kwa mkono bila alama, Postgres angelihifadhi wageni na maisha yangeendelea. Mara nyingi si mtu, ni mashine. Madevelopa hutumia laibrari zinazotengeneza majedwali zenyewe kutoka kwenye programu, Prisma huchukua jina la modeli kama lilivyo, Sequelize na Entity Framework nazo huacha herufi kubwa zilizomo, na zote huzungushia alama za mtajo bila kukuambia. Pandas pia, ukiandika df.to_sql("Wageni", ...) umepata jedwali la W kubwa, na kolamu zake zitakuwa na majina yale yale ya kichwa cha Excel, "Jina Kamili" yenye nafasi katikati, "Tarehe Kuingia", uchungu mtupu. Ukiingiza faili ya CSV kwa kuklika klika pia angalia jina inalokupa.

Kitu cha kwanza kabisa basi, pata jina lake la kweli. Usikisie. Kweri hii yafanya kazi Postgres na MySQL pia:

SELECT table_schema, table_name
FROM information_schema.tables
WHERE lower(table_name) = 'wageni';

Ikikuletea mstari mmoja umejua jina na umejua skima, yaani sehemu ya databesi jedwali lilimo, kama public. Ikikuletea miwili kaa chini, hiyo nitaifikia hapo mbele. Isipoleta kitu kabisa basi shida yako si herufi, ama umeingia databesi siyo (hutokea sana kwa watu wenye ya majaribio na ya kazi kwenye seva moja), ama akaunti yako haina ruhusa, kwa sababu information_schema hukuonyesha tu vitu ulivyo na ruhusa navyo. Kwenye Postgres jaribu pg_tables badala yake, ile haifichi.

Ukishapata jina liite hivi:

SELECT "JinaKamili", "TareheKuingia"
FROM public."Wageni"
WHERE "Mtaa" = 'Shela';

Tizama vizuri hiyo mistari manake mitego yote imo humo. Majina ya vitu, yaani jedwali na kolamu, yanakaa ndani ya alama mbili mbili. Maneno ya data, kama Shela, yanakaa ndani ya alama moja moja. Ukiandika FROM 'Wageni' utapata kosa la sintaksi, na ukiandika WHERE "Mtaa" = "Shela" utaambiwa kolamu "Shela" haipo, na mtu aliyezoea MySQL atashangaa sana hapo kwa sababu MySQL, ikiwa haijabadilishwa mipangilio, huzichukua zote mbili kama maneno ya data.

Mtego wa pili ni skima. Watu huandika "public.Wageni" yote ndani ya alama moja ya kufungua na moja ya kufunga, na Postgres hutafuta jedwali moja ambalo jina lake zima, pamoja na nukta, ni public.Wageni. Halipo bila shaka. Na ubaya ni kuwa kosa likirudi lasema relation "public.Wageni" does not exist, jina limeandikwa sahihi kabisa machoni, waweza kukaa saa nzima walitizama. Kila kipande na alama zake: "public"."Wageni", ama public."Wageni".

Wa tatu ndo unaowamaliza watu wa hapa, kwa sababu sisi kazi zetu nyingi hupita WhatsApp na Word. Ukikopi kweri kutoka Word, ama kwenye simu ya iPhone, zile alama zilizonyooka zinageuzwa kuwa zile zilizopinda, “Wageni”. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa Postgres zile zilizopinda si alama za mtajo kabisa, yeye huzihesabu kama herufi za jina, kwa hivo analigeuza jina kuwa herufi ndogo na kuzibeba hizo alama humo humo, na kosa lake huja na alama mara mbili, zilizonyooka nje na zilizopinda ndani. Ukiona hivo usifikirie sana, futa alama uziandike upya kwa mkono kwenye kibodi. Mi nawaambia watu tumaneni faili ya .sql, msitumane maandishi, lakini nani atasikia.

Kolamu zinafuata sheria ile ile ya jedwali, ila kwa kolamu Postgres ana huruma kidogo, ukiandika JinaKamili bila alama mara nyingi atakudokezea, Perhaps you meant to reference the column "Wageni.JinaKamili". Kwa majedwali hadokezi kitu.

Sasa kuna swali naulizwa sana, mbona nikiklika inafanya kazi na nikiandika haifanyi? Metabase kwa mfano, ukitengeneza ripoti kwa kuchagua chagua jedwali na vichujio, yeye mwenyewe huandika SQL nyuma na kuweka alama zote mahali pake. Ukifungua ule ukurasa wa kuandika SQL mwenyewe, hakuongezei chochote, kinakwenda ulichoandika. DBeaver hivo hivo, ukilivuta jedwali kwa mausi kutoka kule kushoto ukaliachia kwenye kweri, litakuja na alama zake, na ukikubali lile pendekezo linalotokea unapoandika pia litakuja nazo. Kwa hivo njia ya mkato kwa asiyetaka kukumbuka kitu: usiandike jina, livute. Kwenye pgAdmin klika kulia juu ya jedwali uchague akuandikie SELECT, utapata kolamu zote na alama zake ushughulike na mengine.

Nilisema nitarudi kwa ile mistari miwili. Hiyo ndo hatari kuliko kosa lolote, kwa sababu hapo hupati kosa. Postgres anaruhusu kabisa "Wageni" na wageni kuwa majedwali mawili tofauti ndani ya skima moja, yeye haoni ajabu. Tuseme gesti ina apu ya bukingi inayoandika kwenye "Wageni", na kabla ya apu kuna mtu aliwahi kuingiza Excel ya zamani ikawa wageni. Siku mtu mpya akiandika SELECT count(*) FROM Wageni, hakuna kosa lolote, yuaja kuletewa hesabu safi kabisa ya jedwali la zamani. Ripoti inatoka, grafu inapendeza, bosi anaona wageni walikatika ghafla mwezi fulani anaanza kulaumu vita, anaulaumu upepo wa kusi, anamlaumu msichana wa mapokezi. Wageni walikuja, na wakati wa Maulidi walijaa hadi vyumba vikakosekana, ila wameandikwa upande wa pili.

Kwa hivo ukikuta majina mawili yanayotofautiana kwa herufi tu, kabla ya kitu chochote linganisha:

SELECT count(*), max("TareheKuingia") FROM "Wageni";
SELECT count(*), max(tarehe_kuingia) FROM wageni;

Lenye tarehe ya karibuni ndilo linalotumika. Lile lingine usilifute siku hiyo hiyo, libadilishe jina uite wageni_zamani, subiri uone kama kuna mtu atapiga kelele.

MySQL na MariaDB hadithi yao ni nyingine, na hii yawahusu sana wenye tovuti. Kule haijalishi alama, inajalisha seva imekaa kwenye mashine gani. Kuna mpangilio unaitwa lower_case_table_names, utauona hivi:

SHOW VARIABLES LIKE 'lower_case_table_names';

Ikiwa 0, ambayo ndo kawaida ya Linux, jina linahifadhiwa kama lilivyo na herufi zinahesabika, Wageni na wageni ni vitu viwili. Ikiwa 1, kawaida ya Windows, kila jina linahifadhiwa kwa herufi ndogo na waweza kuliita utakavyo. Mac ni 2, linahifadhiwa kama lilivyo lakini kulitafuta hakujali herufi.

Unaona mtego ulipo. Jamaa wa Malindi anatengeneza tovuti ya kubuku boti za kwenda kwenye hifadhi ya bahari, anatumia XAMPP kwenye laptopu yake ya Windows, ameandika CREATE TABLE Safari na PHP yake yote inaita Safari, inafanya kazi miezi. Siku ya kupeleka kwenye hosti (seva ya kukodi) anatoa dampo, yaani faili ya nakala ya databesi, kwa phpMyAdmin, na kwenye dampo jedwali ni safari kwa s ndogo kwa sababu Windows ilishalipunguza zamani, analipandisha kwenye seva ya Linux, na tovuti inakufa kwa kosa 1146, Table 'boti.Safari' doesn't exist. Programu haijabadilika, data haijapotea, mashine tu ndo imebadilika.

Dawa ya haraka ni RENAME TABLE safari TO Safari. Tovuti ikafufuka dakika hiyo. Dawa ninayoipenda ni kubadilisha PHP yote iite safari, kwa sababu ukirudi tena Windows na kupandisha tena, dampo litakuja na herufi ndogo tena na utakuwa pale pale. Kubadilisha mpangilio wenyewe wa seva sahau, kwenye hosti ya kulipia kwa mwezi huna ruhusa, na kwenye MySQL 8.0 hata mwenye seva aweza kuuweka tu wakati wa kuianzisha seva mara ya kwanza, baada ya hapo imekataa. Kitu kimoja zaidi cha MySQL ya Linux: hata lile jina fupi unalolipa jedwali ndani ya kweri linahesabu herufi, FROM safari AS s halafu ukaandika S.tarehe, utaambiwa kolamu haijulikani. Majina ya kolamu ndo hayajali, mashine yoyote MySQL iliko. Na alama ya kuzungushia majina kule ni ile ndogo iliyolala (`), ambayo kwenye kibodi nyingi iko chini ya Esc.

Hizi nyingine kwa haraka. Oracle na Snowflake wanageuza jina lisilo na alama kuwa herufi KUBWA, na ndo stendadi ya SQL inavyosema, Postgres ndo aliyeenda kinyume. Ukiona ORA-00942, kosa la Oracle la jedwali kutopatikana, na jedwali walijua lipo, jaribu alama na herufi zake sahihi. SQL Server hutegemea kolesheni (mpangilio wa kulinganisha herufi) ya databesi, jina lake likiwa na CI hajali, likiwa na CS anajali. SQLite hajali, na ndo maana kitu kilichofanya kazi kwenye SQLite ya majaribio huanguka kikihamia Postgres.

Turudi kwa Postgres sasa kutafuta dawa ya kudumu, manake kuandika alama za mtajo maisha yako yote ni adhabu. Hapa inategemea jedwali ni la nani.

Ikiwa ni lenu wenyewe, hakuna apu inayoligusa, libadilishe jina. Majina yote herufi ndogo, maneno yatenganishwe kwa mstari wa chini, basi. Kweri hii inakuandikia amri za kugeuza majina ya majedwali kuwa herufi ndogo:

SELECT format('ALTER TABLE %I.%I RENAME TO %I;',
  table_schema, table_name, lower(table_name))
FROM information_schema.tables
WHERE table_schema = 'public'
  AND table_type = 'BASE TABLE'
  AND table_name <> lower(table_name);

Haibadilishi kitu, yakuletea maandishi tu, uyasome kwanza ndo uyakopi uyaendeshe. Ile %I ndo inayoweka alama pale zinapohitajika. Chukua bakapu, anza na BEGIN. Malizia na COMMIT. Na ukiona mambo yamekaa vibaya katikati piga ROLLBACK. Yote yarudi, Postgres hukubali hivo hata kwa kubadilisha majina ya majedwali. MySQL haikubali, kule ukishabadilisha umebadilisha. Kolamu zafuata moja moja, ALTER TABLE wageni RENAME COLUMN "JinaKamili" TO jina_kamili; na kadhalika. Fanya usiku watu wamelala, jedwali hufungwa kidogo wakati huo.

Foreni kii (viungo kati ya jedwali na jedwali) na VIEW (kweri zilizohifadhiwa zikaitwa kama jedwali) zilizokuwepo hazitavunjika, Postgres huzishika kwa namba ya ndani si kwa jina. Zitakazovunjika ni fankisheni za plpgsql (lugha ya ndani ya Postgres) zenye jina la zamani ndani, na ripoti zote zilizohifadhiwa kama SQL. Power BI na Power Query ya Excel nazo, zile hukumbuka jina na herufi zake kama Item="Wageni", na baada ya kubadilisha utapata The key didn't match any rows in the table, ujumbe ambao haumwambii mtu chochote. Ingia Advanced Editor, badilisha jina kwenye ule mstari, imekwisha.

Ikiwa jedwali ni la apu ya mtu mwingine, usiliguse kabisa. Apu inaita "Wageni" na alama zake, ukibadilisha jina mapokezi hawawezi kubuku mgeni. Kama developa anapatikana na amekubali, aweza kumwambia Prisma kwa @@map("wageni") ama Sequelize kwa tableName, mbadilishe siku moja pande zote mbili. Hapatikani? Jenga upande wako pembeni:

CREATE SCHEMA ripoti;

CREATE VIEW ripoti.wageni AS
SELECT "Id" AS id,
       "JinaKamili" AS jina_kamili,
       "Mtaa" AS mtaa,
       "TareheKuingia" AS tarehe_kuingia
FROM public."Wageni";

GRANT USAGE ON SCHEMA ripoti TO mchambuzi;
GRANT SELECT ON ripoti.wageni TO mchambuzi;
ALTER ROLE mchambuzi SET search_path = ripoti, public;

Mi hii ndo naipendelea hata pale ninapoweza kubadilisha jina. Alama za mtajo umeziandika mara moja tu, ndani ya VIEW, na baada ya hapo, kwa sababu ya ule mstari wa search_path unaomwambia Postgres atafute kwanza kwenye ripoti, mtu akiingia kwa akaunti ya mchambuzi ataandika Wageni, wageni, WAGENI, zote zinafika. Na faida nyingine ambayo gesti nyingi hawaifikirii, ile kolamu ya namba ya pasipoti haimo humo. Anayetoa ripoti ya wageni wangapi walilala Shela hahitaji pasipoti za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haitaki kila mtu azione.

Andika kolamu kwa majina, usiandike SELECT *, kwa sababu nyota inachukua kolamu zilizopo siku ile tu, zikiongezwa nyingine hazitaonekana na utadhani apu haihifadhi. Na mwambie developa kuwa hiyo VIEW ipo, kwa ujumbe ama kwa barua pepe, manake siku akitaka kubadilisha aina ya kolamu unayoitumia, Postgres atamkatalia kwa sababu ya VIEW yako, na hatajua imetoka wapi.

Mwisho, watu huchanganya hii na herufi za data yenyewe. Shela, shela na SHELA ndani ya kolamu ya mtaa ni shida nyingine, alama za mtajo hazitakusaidia hapo. Postgres huzihesabu kuwa mitaa mitatu, MySQL kwa mipangilio yake ya kawaida huuona mmoja, kwa hivo ripoti ile ile yaweza kutoa hesabu mbili kwenye seva mbili. Kwa kutafuta tumia lower(mtaa) = 'shela', na kwa kusafisha, ikiwa jedwali ni lenu na liko Postgres:

UPDATE "Wageni" SET "Mtaa" = initcap(trim("Mtaa"));

Hiyo trim ni kwa zile nafasi wanazoacha watu mwisho wa neno, ambazo hazionekani hata ukitoa macho.